Tulipaka kila kitu cheupe, nyumba ikawa zahanati: uzi wa mapambo ya Kinordiki

MamaWatatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Humu mimi ni msomaji wa kimya wa miaka mingi, leo nafungua uzi wangu wa kwanza. Ni mrefu, mnivumilie.

Mimi na mzee wa nyumba ni watoto wa Tanga, tunaishi Uppsala, Uswidi, na watoto watatu. Baada ya kupanga miaka tisa tumenunua nyumba, zile zilizoungana ukuta kwa ukuta kama kota za reli, ila hizi zina ghorofa. Imejengwa 1971, kipindi ambacho serikali ya hapa iliamua zijengwe nyumba milioni moja ndani ya miaka kumi, 1965 hadi 1974, na zikajengwa kweli. Ndani tulikuta mbao za rangi ya chungwa ukutani, plastiki ya kahawia jikoni, na karatasi za ukutani zenye maua makubwa kuliko ya kitenge.

Mimi kichwani nilikuwa na picha za mitandaoni. Ukuta mweupe, sakafu nyeupe, kochi la kijivu, chungu kimoja na mmea mmoja. Nikamwambia mume wangu, tusipopamba Kinordiki huku kwenyewe tutapambia wapi? Tukaenda dukani tukachukua rangi nyeupe kuliko zote. Wiki mbili za kiangazi tukapaka. Julai nyumba ikawaka, nikapiga picha, nikawatumia mashoga Tanga na Dar, sifa zikamiminika.

Ikaja Novemba.

Kwa ambao hawajafika huku: katikati ya Desemba jua la Uppsala linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa mchana. Na hata hizo saa sita zenyewe ni jua la mgonjwa, linapita chini chini nyuma ya miti, mwanga wake una ubuluu. Ule mwanga ukigonga ukuta mweupe pepe unageuka kijivu cha chuma. Ukichanganya na taa yetu moja ya darini, balbu kali ya ofisini, nyumba ikawa zahanati. Ilibaki mizani ya kupimia watoto na bango la chanjo.

Jirani yetu, bibi wa miaka themanini na kitu, alikuja na mkate wa mdalasini kutukaribisha. Akasimama mlangoni, akatazama juu, akatazama pande zote, akasema kwa upole kabisa: "Mmepaka ukutani rangi ya dari." Kusema kweli, hapo mwanzo sikuelewa. Kumbe yeye ana rangi nyeupe aina tatu nyumbani kwake na mimi nilikuwa najua nyeupe ni nyeupe.

Basi uzi huu ni wa yale niliyojifunza baada ya hapo. Mwenye swali aulize, mwenye kubisha abishe kwa staha.

Kipilipili

Nakaa mstari wa mbele. Uzi wa mapambo bila picha ni kama pilau bila bizari. Picha dada.

MamaWatatu

Picha zinakuja, simu imeshikwa na wa mwisho anaangalia katuni.

Nianze na rangi kwa sababu ndiyo iliyoniumiza mfuko. Huku rangi zina mfumo wa namba, Waswidi wenyewe ndio waliubuni, unaitwa NCS. Bibi jirani aliniandikia kwenye karatasi: S 0502-Y. Maana yake: 05 ni kiasi cha weusi uliomo, asilimia tano. 02 ni kiasi cha rangi yenyewe, asilimia mbili. Y ni njano. Kwa hiyo ni nyeupe iliyotiwa tone la njano na kivuli kidogo. Mkononi hutaona tofauti. Ukutani, jioni, na taa imewashwa, tofauti ni kama maziwa ya pakiti na maziwa ya ng'ombe aliyekamuliwa asubuhi.

Tukapaka upya. Mume wangu hakunisemesha siku mbili.

Mpwani_Halisi

Dadangu, mimi niko Mombasa lakini asili Lamu, na hii habari ya weupe wa Wazungu yanifanya nicheke. Sisi nyumba zetu za mawe, zile za karne ya kumi na nane, ndani zilipakwa chokaa nyeupe, na ukuta mzima wa ndaka, kile chumba cha ndani, una zidaka safu kwa safu, humo kumewekwa sahani za kauri na mitungi. Chini mkeka. Vitu vichache, kiti cha enzi kimoja na kitanda. Sasa leo mwatuletea weupe na uchache kana kwamba ni jambo jipya lililoshuka kwa meli!

MamaWatatu

Mpwani_Halisi, hapo umenipiga na nimekubali. Ndaka na zidaka nilikuwa nimevisahau, na bibi yangu mzaa mama ana nyumba ya hivyo Pangani. Tofauti naona ni hii: kwetu ukuta mnene na chumba cha ndani chenye giza vilikuwa kinga ya joto, chokaa ikarudisha nuru kidogo. Huku giza linatoka nje. Dawa ikawa ile ile.

Na tena, si kwamba Waswidi wamekuwa weupe siku zote. Kuna nyumba iko Sundborn, jimbo la Dalarna, ya mchoraji Carl Larsson na mkewe Karin. Walipewa na baba yake Karin mwaka 1888. Tulikwenda na watoto. Wakuu, ile nyumba ni rangi tupu! Chumba cha kulia chekundu na kijani, mito na vitambaa alivyofuma Karin mwenyewe, michoro juu ya milango, viti vimepakwa rangi. Watoto wao walikuwa rundo na kila kitu kimetengenezwa ili kitumike. Mumewe akaichora kwa rangi za maji, michoro ikatolewa kitabu 1899, nchi nzima ikaanza kuiga. Hapo ndipo wanapopata mzizi wa haya mapambo ya "kisasa". Watu wanamtaja zaidi Carl kwa sababu ndiye aliyeshika brashi. Mimi niliyesimama mbele ya kile kitambaa cha kufuma nasema ile nyumba ni ya Karin.

Weupe mwingi ulikuja baadaye, na ile mitindo ya miaka ya 1930 ya kutaka nyumba ziwe na hewa, mwanga na usafi.

Mtaalamu_wa_Mambo

Samahani kuingilia. Kichwa cha uzi ni Nordiki, humu watu watasema Skandinavia. Skandinavia ni Denmark, Norwei na Uswidi. Ukisema Nordiki unaongeza Finlandi na Aislandi. Tuwe makini.

Kipilipili

Alikosekana tu mwalimu wa jiografia. Picha?

Dada_Espoo

Mwacheni, ana haki. Mimi niko Finlandi miaka kumi na mbili na Mfini ukimwita Mskandinavia anakutazama kama umemkosea jina la baba.

MamaWatatu, ngoja nikupe kitu ambacho picha za mitandaoni haziwaonyeshi. Kila jiko la Kifini, juu ya sinki, lina kabati ambalo halina sakafu. Ukilifungua ni waya tupu, rafu za waya. Unaosha sahani, unaipachika humo ikiwa imelowa, unafunga mlango, maji yanadondokea kwenye sinki. Basi. Hakuna kufuta, hakuna vyombo vilivyorundikana mezani mbele ya wageni. Aliyelieneza ni mama mmoja, Maiju Gebhard, miaka ya 1940, alikuwa mtafiti wa kazi za nyumbani.

Nilipoliona mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Ni kichanja! Ni kile kichanja cha vyombo cha mama yangu Bukoba, kimepandishwa ukutani na kuwekewa mlango kwa sababu nje ni barafu.

MamaWatatu

Dada_Espoo umeniua na kichanja. Uswidi hawana hilo kabati, nimelitafuta. Nimemwonyesha mume wangu, kasema kama ni kichanja atanitengenezea mwenyewe. Tutaona.

Nirudi kwenye taa, kwa sababu ndizo zilizotuokoa zaidi ya rangi.

Mama yangu mzazi alikuja Januari ya kwanza. Saa kumi na nusu jioni nje giza totoro, mimi nimewasha mishumaa minne mezani na vitaa dirishani. Mama akatoka chumbani amejifunga khanga, kashtuka: "Umeme umekatika?" Nikamwambia hapana mama, huku ndivyo wanavyokaa. Akaketi. Akazima ile taa kubwa ya darini iliyobaki barazani, kwa mkono wake. Akasema, "Hivi ni vizuri. Hata sura za watu zinaonekana."

Sasa hesabu yangu. Sebule moja ina taa saba, hakuna hata moja iliyo katikati ya dari. Moja inaning'inia juu ya meza ya chakula, chini kabisa, kiasi kwamba ukisimama vibaya unaigonga kwa paji la uso. Mbili madirishani, karibu kila nyumba hapa ina taa dirishani, ukipita njiani jioni unaona mtaa mzima una macho. Moja ya kusomea, moja juu ya kabati, mbili ndogo za kona. Balbu zote kelvini 2700, ule mwanga wa manjano. Ukienda 4000 unarudi zahanati.

Na balbu yenyewe usiione. Hili lina historia. Denmark alikuwepo mtu anaitwa Poul Henningsen, kazaliwa 1894, kakua na taa za mafuta. Umeme ulipoingia majumbani yeye akachukia ule mwanga wa uchi unaochoma macho. Akakaa na karatasi na hesabu mpaka katikati ya miaka ya 1920 akatoa taa yenye kofia tatu zilizopangana, mwanga unagonga kofia, unashuka, wewe uliyekaa mezani huioni balbu upande wowote. Ile maarufu zaidi, PH 5, ni ya 1958, jina linatokana na upana wa kofia yake, sentimita 50. Mpya sina ubavu wa kuinunua. Yangu ni ya mtumba, ina mbonyeo ubavuni, nimeigeuzia ukutani.

Kaskazini_Kabisa

Uppsala mnalalamika giza? Njooni Tromsø, kaskazini mwa Norwei. Hapa jua linaaga mwishoni mwa Novemba, mnaonana tena katikati ya Januari. Halichomozi hata kidogo. Watoto wa shule wanakula maandazi siku linaporudi, maandazi ya jamu ndani.

Naongeza kitu: Wanorwei wengi ninaowajua wala hawapaki nyeupe siku hizi. Sebule yangu ni kijani kilichokoza kama jani la mhogo, na ya jirani ni buluu ya usiku. Wanasema kama giza haliwezi kufukuzwa, lialike ndani, washa jiko la kuni, tupa ngozi ya kondoo juu ya kiti. Wana neno lao, koselig. Wadenmark wana hygge. Nyumba yenye koselig si lazima ipendeze pichani. Inatakiwa mgeni akikaa asitake kuondoka.

Na kwa wenye watoto: kiti cha Tripp Trapp. Kilibuniwa na Mnorwei, Peter Opsvik, 1972. Kina mbao mbili, ya kukalia na ya kuwekea miguu, unazichomoa na kuzipachika juu au chini kadiri mtoto anavyokua. Mtoto wa mwaka mmoja anakaa meza moja na baba yake, macho kwa macho. Changu nilikiokota kimewekwa nje na watu waliohama. Nimekisugua msasa, sasa anakalia mtoto wa tatu.

FundiWaKeko

Mada nzuri. Mimi ni fundi selemala, niko Keko, Dar. Wateja wananiletea picha za simu, "fundi nataka kama hiki," na kiti chenyewe kina miguu iliyopinda kama imeyeyuka. Kuna kigoda kimoja cha duara, miguu mitatu, mguu unatoka chini ya kiti umenyooka halafu unakunja kona na kushuka. Hakina fremu, hakina upapi. Nimekiangalia mpaka nimechoka. Mguu ule unapindwaje bila kuvunjika?

MamaWatatu

Fundi, karibu sana, nilikuwa namngoja mtu kama wewe. Kigoda hicho ni cha Mfini, Alvar Aalto, cha 1933. Ninacho hapa, cha mtumba, nimekigeuza miguu juu nikakikagua kwa tochi.

Mti wenyewe ni ule wenye gome jeupe, hapa huitwa björk, umejaa msitu mzima. Sasa mguu: wanachukua kipande cha mti mnyoofu, ile ncha ya juu wanaipasua kwa msumeno kufuata nyuzi za mti, mipasuo mingi myembamba kama chanuo. Ndani ya kila mpasuo wanaingiza ubao mwembamba wa vinia uliopakwa gundi. Halafu ile sehemu wanaikunja kwenye kalibu kwa joto na kuibana mpaka gundi ikauke. Kwa hiyo kona ni tabaka, na chini mguu ni mti mzima. Ukikauka unapigwa skrubu moja kwa moja chini ya kiti. Ukiangalia ubavu wa kona utaziona zile nyuzi za vinia.

FundiWaKeko

Ahaa! Chanuo! Hapo nimeelewa. Nilikuwa nadhani wanachemsha mti mzima kama upinde. Mninga sidhani kama utakubali, una ukaidi. Mtiki una mafuta, gundi inasumbua. Nitajaribu na paini ya Sao Hill, ni laini, msumeno unapita. Nipeni muda.

Goba_Mpya

Samahani wadau, mimi swali langu ni la chini kidogo. Nimemaliza kupiga lipu nyumba yangu Goba, Dar. Mke wangu kasoma huu uzi, anataka nyeupe, sakafu nyeupe, mapazia hakuna. Nishaurini kabla sijanunua.

MamaWatatu

Shemeji, mwambie wifi mimi mwenyewe nilidanganyika na picha. Watu wa huku hawaweki mapazia mazito kwa sababu jua ni mgeni wa heshima, wanamfungulia milango yote. Goba jua ni mwenye nyumba. Saa saba mchana, dirisha wazi, ukuta mweupe pepe na vigae vyeupe vinavyong'aa, mtashinda mmekunja sura. Ukitaka ukuta mweupe chagua usiong'aa, na uweke kivuli nje: baraza, mti, kipenu. Pazia la kitani au pamba nyepesi linaloruhusu upepo. Sufu na ngozi za kondoo waachie Kaskazini_Kabisa.

Vya kuchukua vipo. Zile taa za chini chini zenye mwanga wa njano zinafaa Goba kama zinavyofaa Uppsala, tena taa moja ya bomba jeupe katikati ya dari ndiyo inayoharibu nyumba nyingi huko nyumbani. Mbao isiyopakwa rangi, ipigwe mafuta tu ionekane ilivyo. Vitu vichache, na kila kitu kiwe na mahali pake pa kulala.

FundiWaKeko

Na asinunue fanicha za maboksi zile za unga wa mbao. Maji yakiingia mguuni inavimba kama andazi. Paini isiyotiwa dawa nayo ni chakula cha mchwa. Goba mchwa wapo, mimi nimefanya kazi huko.

Mpwani_Halisi

Sakafuni aweke mkeka. Bure kabisa kuagiza zulia.

Dada_Espoo

Naunga mkono mkeka. Na mjue hata hawa wana wao. Wanachana nguo kuukuu vipande virefu, mashuka, mashati, wanafuma zulia jembamba la mistari. Finlandi kila nyumba ya bibi ina zulia hilo, na kiangazi kuna magati ya mbao yaliyojengwa makusudi kando ya maji kwa kufulia mazulia. Watu wanakuja na brashi na sabuni ya msonobari, wanasugua, wananing'iniza juani, kuna kahawa, kuna umbea. Nikajisemea, hawa ni watu wa kwetu waliokosea njia.

Mtaalamu_wa_Mambo

Sakafu za mbao mnazitunzaje? Nimesikia wanapaka sabuni.

MamaWatatu

Ni kweli, na hii niliipenda. Sakafu yetu chini ya ile plastiki ya kahawia tulikuta mbao za paini, nzima. Tukakodi mashine ya msasa siku mbili, vumbi mpaka kwenye sukari. Paini ukiiacha inageuka njano mwaka hadi mwaka, ukipaka vanishi ndiyo kabisa, inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo watu wa huku wanaipaka kwanza maji ya magadi makali yanayoichubua iwe nyeupe, huvaliwa glavu, si mchezo. Kisha inasuguliwa sabuni iliyoyeyushwa kwenye maji. Sabuni inaingia kwenye vinyweleo vya mbao na kuviziba. Unarudia mara kadhaa. Baada ya hapo kila ukideki kwa sabuni ile ile ndiyo unailinda zaidi. Ukikanyaga peku ni laini kama kiganja.

Ila niseme wazi: juisi ya zabibu ikimwagika ikakaa usiku mmoja, alama haitoki. Ninayo moja yenye umbo la ramani ya Unguja, na aliyeimwaga hajulikani mpaka leo.

Nimalizie kitu ambacho hakuna anayekipiga picha: pale mlangoni. Nyumba ya familia huku inafia au inapona pale unapoingilia. Watoto watatu, kila mmoja na koti la baridi, suruali ya juu, buti, glavu jozi mbili, kofia, na vyote vimelowa theluji. Tulitumia fedha nyingi sebuleni na pale mlangoni tukaweka kikabati kizuri cha viatu vinne. Wiki ya kwanza ya Desemba tulikuwa tunaruka vitu kama tuko sokoni Mgandini. Sasa tumepiga ubao mrefu ukutani wenye vigingi, vya juu vya wakubwa, vya chini vya watoto, benchi la kukalia ukivaa buti, sinia la plastiki la kukusanya maji. Viatu vyote vinabaki hapo, hakuna anayeingia na viatu ndani, mgeni hata awe nani. Hilo halikuhitaji kufundishwa mtoto wa Tanga.

Kipilipili

Kila kitu umesema isipokuwa kuweka picha. Na kitanda je? Nasikia mume na mke kila mtu na shuka lake.

MamaWatatu

Kweli, kitanda kimoja, maduveti mawili. Mume wangu alikataa mwaka mzima, akisema hiyo ni talaka ya polepole. Siku hizi ndiye anayelitandika lake kwanza. Tuishie hapo Kipilipili.

Swali_Dogo

Na vitu vya nyumbani umeviweka wapi? Au mmekuwa Waswidi moja kwa moja?

MamaWatatu

Hili ndilo lililonifanya nifungue uzi, kwa kweli.

Nina mbuzi ya kukunia nazi ya bibi yangu wa Pangani. Mti umekuwa mweusi kwa kukaliwa, kale kaubao kamechongwa mistari ubavuni. Katika ile homa yangu ya weupe niliificha stoo, naona aibu, itaharibu sebule. Bibi jirani alikuja kuazima ngazi, akaiona. Akaikunjua, akaikunja. Akaikunjua tena. Mbao mbili zinapishana kama mkasi, zikifungwa zinalala bapa. Akaniuliza nani kaibuni. Nikamwambia hakuna mtu, ni mbuzi tu. Akaenda kwake akarudi na kitabu cha picha, akanionyesha kigoda cha kukunja cha Mdenmark Kaare Klint cha 1930, miguu yake imejipinda kama pangaboi, ikikunjwa inaingiana. Akasema, "Hawa ni ndugu." Ukurasa wa pili kulikuwa na kiti kingine cha huyo huyo Klint, cha 1933, cha mbao na kitambaa, unakifungua vipande vipande. Alikitoa kwenye viti vya kambini vya maafisa wa Kiingereza. Kinaitwa Safari. Limeandikwa hivyo hivyo, Safari.

Mpwani_Halisi

Basi katumia neno letu bila kulipa. Huyo Mdenmark ni mdeni.

Kaskazini_Kabisa

😂😂 Mdeni wa Denmark.

MamaWatatu

Mbuzi imetoka stoo siku hiyo hiyo. Ilikaa ukutani wiki mbili, nimeipigilia msumari kama makumbusho. Mama akaiona kwenye simu ya video, akauliza, "Hiyo mbuzi imefanya kosa gani mpaka mmeitundika?" Nikaishusha. Sasa ipo jikoni chini ya dirisha, ile ncha ya chuma nimeivalisha kitambaa kwa ajili ya wa mwisho. Nazi nzima zinapatikana duka la Waasia mjini, Jumamosi nakuna. Chenga zinaruka kwenye sakafu ya sabuni na mafuta yake hayaiharibu, nimepima.

Picha nimeweka hapo chini wakuu. Samahani kwa kuchelewa.

Kipilipili

Hatimaye! Nyumba nzuri dada. Ile taa yenye mbonyeo nimeiona.

Goba_Mpya

Mrejesho: tumepaka nyeupe yenye tone la njano, isiyong'aa. Fundi wa rangi alisema "bosi hii ni nyeupe chafu," nikamwambia ndiyo, paka. Mke kakubali mapazia ya pamba. Mkeka tumeagiza kutoka Pemba.

FundiWaKeko

Wakuu, nimerudi. Mguu wa kwanza ulipasuka kwenye kona. Wa pili gundi haikushika, nilikuwa na haraka, niliufungua usiku ule ule. Nimeachana na paini, nimepasua mkongo mipasuo sita, vinia nimezitoa kwenye plaiwudi ya mlango, nimebana na klampu siku tatu kwenye kalibu niliyochonga mwenyewe. Miguu mitatu, nimepiga skrubu chini, hakuna upapi.

Jana jioni nimemkalisha mke wangu. Hakijalia.

Kipilipili

Picha fundi.